Tupeane uzoefu: diwani, mwakilishi na mbunge wetu, tunawabana vipi mpaka ahadi zitimie?

Mleta mada
Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Tunapiga kura kila baada ya miaka mitano, halafu ndoo zinarudi kwenye foleni ile ile. Manung'uniko ya barazani na ya WhatsApp yanaishia hapo hapo kwa sababu hayana karatasi wala tarakimu. Naomba kila anayejua hatua moja aiandike inavyofanyika na pale inapokwamia. Visa vya nani kamtukana nani tuviache. Tushike mifano miwili: kisima kilichochimbwa pampu haijafungwa, na banda la skuli lililosimama kwenye lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha.

MkaaziWaWete
Waaleikumu salaam. Mashauri mengi hufa mwanzoni kabisa, yanapopelekwa kwa asiyehusika. Zanzibar ina majimbo 50, 18 yako Pemba, na kila jimbo lina mwakilishi mmoja na mbunge mmoja. Watu huwachanganya. Maji, afya, skuli, ardhi na barabara za ndani si mambo ya Muungano. Hayo ni ya mwakilishi, ndiye anayekaa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani na kumuuliza waziri wa SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mbunge yuko Dodoma, na kwake pelekeni yanayogusa Muungano, mfano polisi au uraia. Jaa la taka, soko na mtaro wa mtaani huanzia kwa diwani, kwenye manispaa, baraza la mji au halmashauri yenu.

Sheha, yaani msimamizi wa shehia (eneo dogo kabisa la utawala), hachaguliwi kwa kura, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kumwambia "tutakunyima kura" ni maneno matupu. Akikwamisha jambo, mlango wake ni kwa Mkuu wa Wilaya.

KaraniMstaafu
Niongeze ya barua, maana hapo ndipo watu wanapoangushwa. Juu andikeni anwani yenu na tarehe, chini yake K.K. (kupitia kwa) Sheha wa shehia yenu, halafu YAH (yahusu) na jambo moja tu. Barua yenye kisima, skuli na taa za barabarani haina idara ya kuipokea, itazunguka masjala mpaka isahaulike. Maswali matatu yanatosha: fedha kiasi gani zilitengwa, nani alipewa kazi, tarehe gani inakabidhiwa.

Chapisheni mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Bila muhuri huo mtaambiwa barua haijafika, na hamtakuwa na la kujibu. Sheha akikataa kusaini msizozane naye. Andikeni chini ya barua siku aliyopelekewa, kisha mkaikabidhi wenyewe inakokwenda.

Nakala kwa wakubwa zisitoke siku ya kwanza. Barua ikienda ofisi sita kwa pamoja, kila ofisi hungoja mwenzake ajibu. Toeni siku 14. Zikipita, andikeni ya pili inayoanza "Tafadhali rejea barua yetu ya tarehe…", na hiyo ndiyo iwe na nakala kwa Mkuu wa Wilaya.

BintiMakunduchi
Maalim, na saini? Wengine wanakuja na madaftari mazima.

KaraniMstaafu
Saini 40 safi zina uzito kuliko 400 za mkono mmoja. Afisa akikuta mistari mitatu ya mwandiko ule ule anaiweka barua yote pembeni. Kila ukurasa wa saini ubebe kichwa cha barua juu, na namba "ukurasa 1 kati ya 4". Ukurasa usio na kichwa unaweza kuitwa orodha ya waliopokea vyandarua. Jina kamili, kijiji, saini au dole gumba. Namba za ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari) ziandikwe kwenye karatasi pekee inayokwenda ofisini. Tafadhalini sana msizipige picha mkazituma kwenye magrupu, namba ya mtu ni amana.

FundiGombani
Hapa mimi nina mengi, niwieni radhi kwa urefu. Ukisema "banda limejengwa vibaya", mhandisi atakujibu kwa lugha yake na utanyamaza. Nenda na futikamba, ile tepu ya kupimia.

Ombeni kwanza mchanganuo wa vifaa na gharama, hata kurasa mbili za banda lenu. Halafu chukueni chumba kimoja tu. Tuseme cha mita 9 kwa 7, na mchanganuo unasema sakafu ya zege sentimita 10. Zidisha 9 kwa 7 kwa 0.1, unapata mita za ujazo 6.3. Zege la 1:2:4 (saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula mifuko sita na kitu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo sakafu hiyo inataka mifuko kama 40. Sasa pimeni unene pale mlangoni, ambapo ukingo wa zege bado unaonekana. Ukikuta sentimita 6, zege lililomwagwa halifiki mita 4 za ujazo, nalo lilitaka mifuko 24 hivi. Mifuko hiyo 16 ya tofauti ndiyo ya kuulizia. Pimeni sehemu tatu tofauti, kwa sababu udongo wa chini huwa na mabonde, na msihesabu lile tabaka laini la juu.

Tofali likwaruzwe kwa msumari. Likimomonyoka kama biskuti, saruji ni kidogo au halikumwagiwa maji baada ya kufyatuliwa. Mchanga utazameni vizuri, hasa ukanda wa pwani. Ukiwa na vipande vya makombe na ukuta unatoa unga mweupe, upo uwezekano ni mchanga wa bahari. Chumvi yake hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege, na hilo huonekana miaka baadaye, mkandarasi keshalipwa na watoto wamo ndani. Wallahi jambo hili lisisubiri barua ya pili.

Msiingie kwenye eneo la ujenzi bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Kwenye picha futikamba ionekane na tarakimu zake zisomeke.

MkaaziWaWete
Ahsante fundi. Kwa maji vipimo ni vyepesi zaidi: ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, mnapata lita 30 kwa dakika. Wekeni daftari wiki mbili, na kila siku aandike mtu mmoja: maji yametoka saa ngapi, yamekatika saa ngapi, ndoo imejaa kwa sekunde ngapi. "Maji hatupati" hujibiwa kwa ahadi. "Siku 14, yametoka mara 5, tena usiku wa manane" inabidi ijibiwe kwa ratiba.

MsaidiziWaSheria
Jamani, na ulimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika hadi huku visiwani. Kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo, kina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. "Fulani kala saruji" ni tuhuma, na atakayetakiwa kuithibitisha ni wewe. "Mchanganuo unasema sentimita 10, tumepima 6, tofauti imetoka wapi?" ni swali, na lina nguvu kuliko tusi lolote.

Kosa jingine ninaloliona kwenye barua ni kunukuu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ile ni ya Bara. Kwetu shikeni ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Vivyo hivyo rushwa huku ni ya ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, si TAKUKURU. Na msiwatishe viongozi kwamba mtawavua uwakilishi katikati ya muhula, katiba yetu haina njia ya wapiga kura kufanya hivyo.

MsomaBajeti
Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti husomwa Barazani kuanzia Mei. Anayekwenda kwa mwakilishi mwezi wa Juni amechelewa, vitabu vimeshachapwa. Mpeni swali lenu kati ya Oktoba na Disemba, liwe limeandikwa tayari kwa sentensi mbili ili aliwasilishe kama lilivyo. Waziri akishajibu Barazani, jibu linaingia kwenye kumbukumbu rasmi, yaani hansadi. Tafuteni ukurasa, chapisheni, ambatisheni kwenye barua inayofuata. Ahadi ya jukwaani hukanwa kirahisi, ila ya hansadi ina tarehe na jina la aliyeitoa.

Mfuko wa jimbo nao uulizieni peke yake, msiuchanganye na bajeti ya wizara. Wa mwakilishi na wa mbunge ni mifuko miwili tofauti. Ombeni orodha ya miradi ya mwaka mmoja, mkaikague mmoja mmoja kwa miguu.

BintiMakunduchi
Kuhusu kikao cha kumwita diwani. Kikiitwa saa nne asubuhi, wanawake wako kwenye mwani na wavuvi hawajarudi, mnabaki na wazee na wapambe wake. Tazameni kwanza maji ya bahari, ndipo mpange siku. Ramadhani kiwe baada ya tarawehe. Wekeni wasemaji watatu, kila mmoja na swali lake, mmoja wao awe mwanamke anayechota maji, na wengine wasirukie. Dakika kumi za mwisho ziwe za kuandika: nini kimeahidiwa, tarehe ngapi, nani wa kufuatilia. Muhtasari usainiwe pale pale, yeye na nyinyi. Akisema ataupitia kwanza nyumbani, mwambieni kwa adabu, "Mheshimiwa, tunakungoja, kalamu hii hapa."

Mleta mada
Ahsanteni. FundiGombani, tafadhali tuwekee na ya paa: bati geji ngapi, na mbao zipishane umbali gani. Banda letu linaezekwa mwezi ujao.