Walituita kikaoni "kutusikiliza" siku 11 baada ya kusaini mkataba mpya wa makaa ya mawe

Wakuu, salaam. Huku niliko ni saa tisa usiku na usingizi umenigomea, kwa hiyo uzi ukiwa mrefu mnivumilie. Hii hasira nimelala nayo wiki nzima.

Jina la chuo silitaji. Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, mwenye kuelewa ameshaelewa. Jueni tu kwamba ni chuo cha umma huku katikati ya Marekani, mashamba ya mahindi kila upande, na baridi ya Januari inakufanya ujipapase kama masikio bado yapo yote mawili. Mimi mzaliwa wa Lamu, huu mwaka wangu wa tatu hapa.

Nyuma ya bweni letu, mwendo wa dakika nne ukikaza mguu, kuna nyumba ya boila. Najua wengi mliosoma nyumbani hamjawahi kukutana na kitu hiki. Vyuo vingi vya zamani vya huku havipashi joto jengo mojamoja. Boila kubwa zimewekwa mahali pamoja, zinachemsha maji, na mvuke unasukumwa kwenye mabomba yaliyozikwa ardhini hadi madarasani, maabara, mabwenini, hata kwenye bwawa la kuogelea. Kwingine mvuke huohuo huzungusha kwanza mtambo wa umeme. Mpango wenyewe ni wa akili, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kile kinachoungua chini ya boila. Chuo chenye shahada ya uzamili ya mabadiliko ya tabianchi, wakuu, kinachoma makaa ya mawe.

Treni linaleta shehena alfajiri, kabla watu hawajaamka. Nikifungua dirisha asubuhi nakuta vumbi jeusi kwenye kizingiti, laini kama wanja. Idi iliyopita niliegemea pale nikiongea na mama kwa simu, nikaondoka na mstari mweusi kwenye mkono wa kanzu. Nimeifua mara tatu. Mstari upo.

Mtaniuliza, na hilo dirisha unalifunguaje Januari? Kwa sababu redieta ya chumbani, lile chuma la ukutani mvuke unamopita kupasha joto, haina namna ya kuipunguza. Koki yake ilipakwa rangi miaka hiyo ikagandia hapohapo. Ikianza kuguruma, chumba kinakuwa Mombasa ya mwezi wa pili. Nilipolalamika kwa msimamizi wa bweni akaniambia, bila hata kutabasamu, "Fungua dirisha." Nikatoka nje nikahesabu madirisha yaliyo wazi upande wetu peke yake: 19. Tunachoma makaa ya mawe kupasha theluji joto.

Halafu kwenye bili ya kila muhula kuna mstari umeandikwa "ada ya mazingira". Tunatozwa wote, upende usipende. Nimefuatilia inakwenda wapi. Imenunua mabomba ya kujazia chupa za maji na vibandiko vya kijani vinavyosema "zima taa ukitoka". Boila haijaguswa na hata senti.

Sasa kisa chenyewe.

Tuna kikundi cha watu kama ishirini. Hatuna ofisi, hatuna bajeti. Majira ya baridi yote tulisimama mbele ya mgahawa wa chuo kukusanya saini. Wino ulikuwa unaganda kwenye kalamu tukahamia penseli. Madai yetu yalikuwa mawili tu: chuo kitaje kwa maandishi tarehe ya kuacha makaa ya mawe, na fedha za kazi hiyo ziwekwe kwenye bajeti.

Tukaitwa kikao. Chumba cha zulia, biskuti, kahawa, slaidi ya kwanza ina picha ya jani. Yule mkubwa anayesimamia majengo ya chuo alituambia maneno haya, nimeyaandika daftarini siku ileile: hakuna uamuzi wowote uliofanyika, tuko mwanzo kabisa wa safari, na leo kazi yetu sisi ni kuwasikiliza ninyi. Tukagawiwa vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, kila mtu aandike ndoto yake ya chuo cha kesho. Mimi nikaandika tarehe. Wenzangu wengi pia waliandika tarehe. Ukuta mzima ukawa kama kalenda iliyochanika.

Nilitoka pale nimefurahi, wallahi. Nikampigia baba.

Ila kuna dada mmoja kwenye kikundi, anasoma uhasibu, haamini mtu. Jimbo hili lina sheria ya kumbukumbu za umma: taasisi ya serikali ukiiomba nyaraka, lazima ikupe. Akaandika barua kuomba mkataba wa ununuzi wa makaa ya mawe. Wakatuzungusha miezi miwili, wakatudai gharama za kuchapa, tukachanga. Wiki iliyopita bahasha ikafika. Kurasa 41. Bei imezibwa kwa wino mweusi, tani zimezibwa, jina la mgodi limezibwa. Unafunua ukurasa baada ya ukurasa unaona matofali meusi tu. Lakini aliyekuwa anaziba alichoka, au alikwenda kula, maana ukurasa wa mwisho ameuacha kama ulivyo. Saini mbili na tarehe. Mkataba mpya wa miaka mitatu, na nafasi ya kuurefusha.

Tarehe hiyo ni siku 11 kabla ya kikao.

Yaani yule bwana alipokuwa anatugawia vikaratasi vya rangi, wino wa saini ulishakauka kitambo. Alikuwa anajua. Alitutazama machoni akatuambia hakuna uamuzi wowote, akatusogezea na sahani ya biskuti.

Nimempigia baba tena kumweleza. Baba ni mvuvi wa kamba, na mikutano ya miradi amehudhuria tangu mimi sijazaliwa. Akauliza, "Soda walitoa?" Nikamwambia biskuti. Akasema, "Ah, basi huko wameendelea."

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa, na watu wa pwani mtajua kwa nini. Kwetu palitaka kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi. Mradi wa Amu Power. Makaa yaanze kuja kwa meli kutoka Afrika Kusini, kisha ya Kitui yakishachimbwa yafuate. Mji wenyewe wa Lamu UNESCO iliutangaza urithi wa dunia mwaka 2001, halafu ng'ambo ya maji uweke dohani. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa leseni mwaka 2016. Watu wa Save Lamu, wavuvi, wazee, kina mama, wakaenda kwenye mahakama ya kitaifa ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Wengi wanadhani ilifutwa kwa sababu ya moshi. Hoja nzito ilikuwa ushirikishwaji. Mikutano ilifanyika mapema, kabla ya ripoti ya athari za mazingira kuwepo, na ripoti ilipokuwepo wananchi hawakurudiwa wakaonyeshwa na kuulizwa ipasavyo. Mahakama ikakataa kuihesabu mikutano ile kuwa ni ridhaa.

Wakati ule nilikuwa sekondari. Nikakua nikijua kwamba kuitwa kwenye mkutano ni kitu kimoja na kuulizwa ni kitu kingine. Nikapanda ndege kwenda nchi ambayo mabalozi wake hawachoki kutuhubiria utawala bora, nikakuta mchezo uleule, wamebadilisha vitafunio tu.

Na msije na ile ya "jamani, baridi ya huko kali, hawana njia nyingine." Ball State, chuo cha umma kule Indiana, baridi yao na yetu ni ndugu. Mwaka 2009 walianza kuchimba mashimo ardhini, zaidi ya 3,000, chini ya viwanja na maegesho ya magari. Mabomba ya maji yanashuka humo, yanachukua joto la ardhini wakati wa baridi na kulirudisha chini wakati wa kiangazi. Boila zao nne za makaa ya mawe walishaziacha mwaka 2014. Cornell waliacha makaa 2011. Michigan State, chuo kikubwa kuliko miji mingi ya kwetu, waliacha 2016. Hao wawili walihamia gesi asilia, ambayo nayo si malaika, nitaigusa chini.

Wanaonitisha mimi ni wale wa Chapel Hill, North Carolina. Wanafunzi walipiga kelele mpaka mwaka 2010 mkuu wa chuo, Holden Thorp, akatangaza hadharani: ikifika 2020 hakuna makaa ya mawe tena. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mwaka 2013 Thorp akaondoka akaenda chuo kingine. Wanafunzi waliomshinikiza walishahitimu wametawanyika. 2020 ikaja ikapita, na boila zikaendelea kula makaa kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa wanavyotuhesabu. Mwanafunzi ana miaka minne. Boila ina hamsini. Wao hawana haja ya kutushinda kwa hoja, wanatusubiri tu tuvae majoho. Ndiyo maana tunadai tarehe pamoja na fedha kwenye bajeti. Ukipewa tarehe bila fedha umepewa kadi ya mwaliko wa harusi isiyo na bwana harusi.

Kuna jambo moja nitalisema kwa haki. Mle kwenye boila kuna mzee anafanya zamu ya usiku, huwa tunakutana kituo cha basi mimi nikitoka maktaba. Miaka karibu thelathini yuko pale. Siku moja aliniona na beji ya kikundi akaniuliza taratibu, "Mkishinda, kijana, mimi mnanipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, nikaona haya. Basi lilipofika tulipanda tukakaa mbalimbali. Tangu siku hiyo tumeongeza dai la tatu: wafanyakazi wa boila wafundishwe mitambo mipya kwa gharama ya chuo na wasipunguzwe. Na yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu zile redieta. Zamani chuo kilikuwa na mafundi wa mvuke wanaopita jengo kwa jengo kukaza koki na kuziba mabomba yanayovuja. Waliachishwa ili kubana matumizi. Kwa hiyo makaa mengine tunayachoma kwa sababu hakuna fundi wa kufungua koki.

Wabongo na Wakenya wenzangu wa hapa, ninyi nawaachia Mungu. Niliweka picha ya ule ukurasa wa mwisho kwenye grupu letu la WhatsApp. Jibu la kwanza: "Bro, umeletwa na skolashipu, unawapangia wenye nchi kuni za jikoni kwao?" La pili: "Tumekuja kusoma." Likafuata tangazo la sherehe ya Jumamosi, pilau dola 10. Ada ya mazingira mnalipa, vumbi mnavuta, ila mdomo mmeuacha uwanja wa ndege.

Sasa naomba msaada wa kweli, si pole. Alhamisi ijayo saa nane mchana tumeitwa kikao kingine, "kuendeleza mazungumzo". Wao hawajui kwamba ukurasa wa mwisho tunao.

Mwenye uzoefu wa mikataba ya manunuzi ya taasisi za umma huku: hii ya mafuta na makaa huwa na kifungu cha kuivunja mapema? Kwenye kurasa zetu vifungu vya 9 hadi 14 vyote vimezibwa. Kuna njia ya kukata rufaa kupinga huo wino?

Na mwanasheria wa uhamiaji kama yupo humu. Wenzangu wenye pasi za hapa wanataka Alhamisi wasiondoke, walale kwenye korido la utawala mpaka wapewe tarehe. Wao wakikamatwa ni faini na picha nzuri ya gazeti. Mimi nikikamatwa inaweza kuwa ni tiketi ya ndege. Naogopa, sifichi. Mama akisikia atakufa kabla sijafika.

NYONGEZA, saa mbili asubuhi: Nashukuru kwa majibu. Anayesema nirudi Lamu nikapige kelele huko: kelele za huko zilishapigwa na zikashinda, soma uzi.

Mnaouliza kuhusu gesi: ndiyo, ikivuja kabla haijaungua ni balaa kwa hewa, na ukishajenga boila ya gesi umejifunga nayo miaka mingine arobaini. Kikundi kimegawanyika. Nusu wanasema tuikubali kama daraja. Mimi nasimama na mashimo ya Ball State, ila tusipopata tarehe Alhamisi hatuna hata cha kubishania.

Aliyesema tuwapigie waandishi wa gazeti la wanafunzi kabla ya kikao: yule dada wa uhasibu ameshawapelekea kurasa zote 41 usiku huu. Hakuniuliza. Sijui kama nimkasirikie au nimnunulie chai.

Na mdau wa kanzu: limau nimejaribu, jiki nimejaribu. Bado.