Siku tatu Mombasa Mji wa Kale na mama mwenye magoti mabovu, nipange vipi?

mwana_wa_mwalimu

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie manake nimeshauriwa na watu wengi mpaka nimechanganyikiwa.

Mamangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Nyeri mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo alikuwa anafundisha watoto mambo ya Wareno, Waarabu wa Omani, Vasco da Gama, Fort Jesus, anachora kisiwa cha Mombasa ubaoni kwa chaki bila kuangalia kitabu, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Mombasa hata siku moja. Sasa ako na miaka 69 na nimeamua mwezi wa nane lazima nimpeleke, mimi na yeye na kijana wangu wa miaka 9. Tuko na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili peke yake, Jumatatu asubuhi natakiwa kazini.

Shida ni kila mtu nikimwambia naskia tu beach, tafuta hoteli Nyali ama Diani halafu siku moja muende Fort Jesus masaa mawili mrudi. Lakini mama hataki kuogelea, anataka kuona mji. Sasa nauliza, treni ama basi na ya saa ngapi, tulale upande gani, na hizo siku tatu nizigawe vipi maana magoti yanamsumbua kwa ngazi na jua kali halimpendi. Bajeti si kubwa sana ila nimeweka akiba tangu Januari kwa hii safari tu.

kijana_wa_kibokoni

Karibu Mvita kaka. Umefikiria vizuri na usikubali mtu akutoe kwa hilo wazo.

Mimi nimezaliwa humu Mji wa Kale na kosa naloliona kila siku ni moja, wageni wanalala mbali huko, wanaletwa na gari saa tano jua la utosi, wanapiga picha kwa geti ya Ngomeni (Fort Jesus wenyewe twaiita Ngomeni), wananunua kikoi, saa saba washaondoka na wanasema mji wenu una joto na hauna kitu. Saa hizo hata sisi tuko ndani tumelala! Mji huu una nyakati mbili za kutembea, asubuhi mapema mpaka kama saa nne kasoro, halafu alasiri kuanzia saa kumi mpaka usiku. Ukilala hapa hapa kisiwani mama atazipata zote mbili na katikati anapumzika, hafukuzwi na mtu. Hilo tu ndilo la kushika, mengine yote yatajipanga.

Matembezi yenyewe si marefu. Kutoka Ngomeni shika barabara ya Mbarak Ali Hinawy, nenda polepole, utaupita msikiti wa Mandhry ambao unahesabiwa ni wa mwaka 1570 hivi, mnara wake mweupe umechongoka juu kama pia, huwezi kuukosa. Endelea mpaka bandari ya kale, hapo ndipo majahazi yalikuwa yakitia nanga kabla Kilindini, bandari kubwa ya sasa, haijawa Kilindini. Kamera weka mfukoni ukifika hapo, bandarini hawataki picha. Halafu rudi na Ndia Kuu, na ni ndia si njia, ndivyo Wamvita tusemavyo. Mama atazame juu kwenye roshani za mbao na atazame milango. Msimamishe mbele ya mlango mmoja tu wa kale, apitishe kidole kwa ule mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, yale maua, zile sehemu zilizolainika kwa kushikwa na mikono ya watu miaka na miaka. Mtu akiwa kibarazani salimieni kwanza, mkisalimia mtafunguliwa mpaka hadithi za nyumba yenyewe.

Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa swala, usipange kitu saa sita mpaka saa nane.

mtu_wa_reli

Treni bila kufikiria mara mbili kwa mama wa umri huo. Basi ni masaa mengi na hawezi kunyoosha miguu.

Kuna treni tatu kutoka Nairobi Syokimau, ya saa mbili asubuhi inayosimama stesheni za njiani, ya saa tisa alasiri, na ya saa nne usiku. Wengi watakwambia ya saa tisa kwa sababu ni ya haraka, kama masaa matano hivi. Mimi kwa nyinyi nasema Ijumaa ile ya saa mbili asubuhi. Mnafika kama saa nane mchana ndiyo, lakini mnapita Tsavo mchana kweupe, na kijana wako akikaa dirishani anaweza kuona ndovu wale wekundu wa vumbi la Tsavo. Ile ya alasiri giza linawapata njiani, ya usiku hamuoni chochote. Kurudi Jumapili chukua ya saa tisa kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa, saa mbili usiku mko Syokimau na kazi Jumatatu unaenda.

Nauli tangu 2024 ni 1500 kwa ikonomi na 4500 daraja la kwanza, mtoto wa umri wa wako nusu. Najua tofauti ni kubwa ila ikonomi viti vimesimama wima na mnakaa mmetazamana magoti kwa magoti na watu msiowajua. Kama pesa inaruhusu mlipie mama daraja la kwanza hata kama ni kwenda peke yake, wewe na kijana mkae ikonomi mkimtembelea. Mimi nilimkatia babangu ikonomi mwaka juzi na aliposhuka Miritini alisimama dakika kumi ameshika nguzo kabla aweze kutembea, sitarudia.

Kukata ni *639# ama kwa mtandao wao, unalipa M-Pesa. Mwezi wa nane watoto wamefunga shule tiketi zinaisha haraka sana, kata mapema. Na muwe Syokimau kabla ya saa moja asubuhi, kuna ukaguzi wa mizigo, mnaiweka chini mstari mmoja mbwa apite anuse, halafu mashine, halafu vitambulisho. Ukichelewa treni haikungoji. Miritini nayo iko nje ya mji, kwa hivyo pesa ya gari ama tuktuk mpaka kisiwani iwe kwa hesabu yako.

mchanga_mweupe

Mimi napinga kidogo hapo kwa kulala Mji wa Kale. Si kwamba pabaya, mimi mwenyewe napenda, lakini mwaka jana nilichukua nyumba kwa mtandao huko ndani ya vichochoro, picha zilikuwa nzuri ajabu, roshani, neti nyeupe, kila kitu. Kufika ni ghorofa ya tatu na ngazi ni zile za zamani za kupanda kama ngazi ya dari, nyembamba, hakuna pa kushika. Mama mkwe wangu tulimpandisha watu wawili, na siku mbili zote alikataa kushuka tena mpaka siku ya kuondoka. Aliuona mji kutoka dirishani. Iliniuma sana kwa sababu safari ilikuwa yake.

Ndio maana nasema Nyali, hoteli iko na lifti, mama anapumzika vizuri, mtoto anaogelea. Mtoto wa miaka 9 hatavumilia kuta za zamani siku tatu.

kijana_wa_kibokoni

Pole sana kwa hilo la ngazi na ni kweli kabisa, nyumba zetu ziko hivyo, ni vizuri umelisema. Ila Nyali tatizo ni daraja. Asubuhi na jioni foleni ya Nyali Bridge inaweza kukula saa nzima, na hizo ndizo saa mbili za mji nilizozitaja. Utamleta mama saa tano tu kama wale wengine.

shangazi_wa_kizingo

Mwanangu, kwanza Mungu akubariki kwa kumkumbuka mamako. Hao vijana wote wawili wana haki, na suluhisho liko katikati. Laleni kisiwani lakini si vichochoroni. Huku kwetu Kizingo, Ganjoni, ama karibu na Moi Avenue kuna hoteli za kawaida zenye lifti, na ukipanda tuktuk muda mfupi tu uko Ngomeni. Kabla hujalipa piga simu uulize kwa mdomo wako, chumba kiko ghorofa ya ngapi na lifti inafanya kazi? Usitosheke na picha.

Ngomeni muende Jumamosi saa mbili asubuhi wakifungua. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha Mkenya si sawa na cha mgeni, na simu iwe na pesa kwa sababu malipo siku hizi si ya keshi. Pale mlangoni kuna mpando wa kuingia, mwende pole, ukishaingia uani ni tambarare na kuna kivuli cha miti. Kule juu ya kuta asijisumbue, zile ngazi ni za magoti ya watoto, mjukuu apande awe anamwambia bibi anachokiona.

Pa kukaa sana ni makumbusho ya ndani. Mamako atakuwa alifundisha kwamba Wareno waliijenga ngome 1593 mpaka 1596, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696, karibu miaka mitatu mizima, mpaka ikaanguka Disemba 1698. Kitabuni ni mstari mmoja. Mle ndani ataona vitu vyenyewe vilivyotolewa baharini kwenye meli ya Santo António de Tanná, ilikuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama 1697, na wapiga mbizi wakaja kuichimbua miaka ya 1970. Wale waliokuwa ndani ya kuta wengi hawakuuawa kwa upanga, maradhi na njaa ndiyo yaliwamaliza. Mimi kila nikisimama pale nafikiria watu wale wanaitazama bahari kila asubuhi kama kuna tanga. Na Waingereza walipokuja wakaifanya jela, mpaka 1958. Wako wazee mjini hapa wanaoikumbuka ikiwa jela.

Mtembezi mkimtaka chukueni mwenye kitambulisho pale mlangoni na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Kuna mmoja wa njiani aliwatembeza wageni wangu kwa upole kabisa, mwisho akadai pesa ambayo hata mimi niliona haya. Lakini kwa nyinyi, mwanangu, mwacheni mama awe ndiye mtembezi. Amelifanya somo hilo maisha yake yote.

Jioni nendeni Mama Ngina, pale ufuoni mwa kisiwa kwenye mibuyu. Pametengenezwa vizuri tangu 2019, kuna pa kukaa, hakuna kupanda. Mnunulie muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu na dafu, mkae mtazame meli kubwa zikiingia Kilindini, ziko karibu mpaka mtoto atadhani ataigusa. Mtoto wako hatakumbuka swimming pool siku hiyo. Na Jumapili asubuhi mpandishe feri ya Likoni aende arudi, wa miguu halipi kitu.

Leso moja ya kujifunika mabegani mama awe nayo akitembea Mji wa Kale, itamfaa kwa jua na kwa heshima.

mwana_wa_mwalimu

Shikamoo shangazi, asante sana sana, na nyinyi wote. @mchanga_mweupe asante kwa ile ya ngazi, mimi nilikuwa tayari nimeweka alama nyumba moja ya roshani na neti nyeupe, nimepiga simu sasa hivi na ni ghorofa ya tatu.

Kwa hivyo niko hivi, Ijumaa treni ya saa mbili, mama daraja la kwanza, tukifika tunapumzika halafu jioni tunatoka kidogo tu karibu na hoteli. Jumamosi Ngomeni saa mbili, tunarudi kulala mchana, alasiri Mandhry mpaka bandari ya kale na Ndia Kuu. Jumapili asubuhi feri na Mama Ngina kabla ya treni ya saa tisa. Nimekosea wapi?

kijana_wa_kibokoni

Mama Ngina ipeleke Ijumaa jioni, ndiyo jioni yenu ya kwanza na mama ametoka kwa treni anataka upepo, halafu Jumapili mpumue. Jumapili fanya feri tu mapema na soko la Marikiti kwa viungo, msafiri wa Miritini asipite saa sita na nusu bado yuko mjini. Na asubuhi moja kati ya hizo msile hotelini, tafuteni mahamri na mbaazi mjini zikiwa moto.

Jumamosi baada ya Ndia Kuu usikimbilie hoteli. Kaeni kwa kahawa, mzee anamimina kutoka kwa dele la shaba kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, ni tungu, yaani chungu, haina sukari, unakula na kashata ama tende. Magoti ya mama yatapumzika na hapo ndipo mji unapoongea.

mwana_wa_mwalimu

Sawa nimebadilisha. Nimemwambia mama leo jioni, nilikuwa nataka iwe siri lakini nimeshindwa. Amenyamaza kitambo halafu ameuliza kitu kimoja, ile meli ya 1697 ilizama wapi hasa, na mtu anaweza kupaona?

kijana_wa_kibokoni

Anaweza. Mkiwa Ngomeni mpeleke upande wa bahari atazame chini, ni hapo hapo chini ya ngome. Ni maji tu sasa, lakini ni hapo.