Kupima CXCL8: sahani iliyokwisha pakwa, jozi ya kingamwili, au tupeleke Dar?

MaabaraLindi
Wakuu, habari zenu. Tuna sampuli 80 za kichocho cha mkojo, nusu mkojo, nusu plazma. Tunataka kupima CXCL8, kemokini (protini ya ishara) inayoita neutrofili, chembe nyeupe za damu, penye uvimbe. Njia ni tatu: ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya visima 96) yenye sahani iliyokwisha pakwa, jozi ya kingamwili (moja ya kunasia, moja ya kugundulia) tupake wenyewe, au kusafirisha Dar zipimwe kwa shanga ndogo zenye kingamwili, zinazopima kemokini nyingi pamoja. Kisoma sahani cha nm 450 tunacho. Mngechukua ipi?

Mikindani
Iliyopakwa. Jozi ni nafuu kwa kisima, lakini kingamwili ya kunasia hulazwa kwenye sahani usiku kucha, kisha unaziba nafasi zilizobaki kwa albumini, na upakaji wa leo haufanani sawasawa na wa kesho. Jozi inalipa kwa kazi ya miaka. Nyinyi mnahitaji sahani mbili tu: katika kila sahani, viwango saba vya CXCL8 ya kiasi kinachojulikana na kisima tupu, vyote mara mbili, vinakula visima 16. Vinabaki 80, sampuli 40 zikirudiwa.

Newala_Bench
Mkuu, kabla ya sahani angalia damu yenyewe. Vizuri mmechukua plazma, maana damu ikiganda seli huachia kemokini na seramu inasoma juu. Hemolisisi nayo: chembe nyekundu zenye antijeni ya Duffy (protini ya juu ya chembe) hubeba CXCL8, zikipasuka inamwagika. Waafrika wengi hatuna Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo viwango vya kawaida vilivyopimwa Ulaya msivichukue kama vyenu. Hili linanigusa sana, tunalipuuza mno.

DadaNachingwea
Mimi natetea shanga. Plazma kidogo tu inakupa kemokini nyingi kwa mpigo, ELISA inakula mikrolita 100 kwa kisima kwa kemokini moja. Ila mpate barafu kavu ya uhakika, na msisafirishe masika, barabara ya Kibiti ikikatika sampuli zinayeyuka njiani.

Mikindani
Dada, kwa swali la kemokini moja shanga ni gharama bure. Gaweni plazma kwenye vichupa vidogo, kimoja kibaki kwenye friza ya −80, mkitaka shanga baadaye kipo.

MaabaraLindi
Nashukuruni. Na mkojo je?

Newala_Bench
Uzungusheni kwenye sentrifuji kabla ya kugandisha, seli zitoke. Halafu jaribuni: ongezeni CXCL8 ya kiasi kinachojulikana kwenye mkojo, isome asilimia 80 hadi 120 ya mlichoongeza. Isiposoma hivyo, chumvi na tindikali za mkojo zinasumbua, zimueni zaidi.

DadaNachingwea
Na pimeni kreatinini, taka ya misuli inayoonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Mkojo wa kichocho tunauchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na mtu aliyeshinda kwenye mikorosho bila maji mkojo wake umekolea. Bila kugawa kwa kreatinini ataonekana ana uvimbe mkubwa kuliko mwenzake aliyekunywa maji.