Wapishi wa mlimani: sosi ya saladi ya Kigiriki inanigandia kambini, nifanyeje?

JikoLaShira

Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, napika mlimani Kilimanjaro. Nilianza na ugumu, yaani kubeba mizigo ya wageni, sasa ni msimu wa pili nashika jiko.

Safari iliyopita tulipanda na njia ya Machame, siku 7, wageni 8. Kiongozi alinidokeza mapema kwamba watatu hawali nyama, na mama mmoja kati yao ameulizia saladi ya Kigiriki. Nikaingia soko la Mbuyuni nikachukua nyanya, matango, hoho na vitunguu. Supamaketi nikapata mafuta ya zeituni, zeituni zenyewe, jibini ya feta na oregano mkavu. Sosi nikaitengeneza nyumbani usiku uleule: mafuta kikombe kimoja, siki nyeupe kikombe kimoja, punje sita za kitunguu swaumu zilizotwangwa, chumvi, pilipili manga. Nikamimina kwenye chupa, nikafunga.

Kambi ya kwanza walikula, ila nilimwona yule mama anakunja uso kila akitia mdomoni. Kesho yake tunafika Shira, nafungua kikapu, chupa imevuja na unga wa uji umelowa mafuta. Alfajiri naandaa chakula cha njiani, sosi iliyobaki imejitenga: chini siki, juu kitu cha kijani-cheupe kimeshikana kama samli. Nimetikisa mpaka mkono umechoka, yakabaki mabonge. Yule mama alirudisha bakuli lake karibu lote, halafu yeye ndiye akaniomba radhi mimi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kule juu hamu ya kula inapotea yenyewe, na mgeni asiyekula huwezi kumtegemea afike Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, akiwa na nguvu. Kitu pekee alichokitamani ndicho nilichomharibia.

Wiki ijayo napanda tena na kundi lenye watu wa mboga. Naomba vipimo, namna ya kuzuia isigande, na mwenye kujua kwa nini chupa ilivuja anieleze. Natanguliza shukrani.

MkongweMarangu

Pole mdogo wangu. Kuvuja nakueleza mimi, maana kumenigharimu sana zamani.

Ulifunga chupa Moshi, ambako ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Shira ni kama 3,850. Hewa uliyoifungia mjini ina nguvu kuliko hewa ya kambini, kwa hiyo inatafuta pa kutokea. Si umeshaona pakiti za biskuti zinavyovimba kama puto tukifika juu? Ni kitu kilekile. Sasa chupa ikiwa imelala kwenye kikapu, hewa inasukuma mafuta yatoke. Ikiwa imesimama wima inatoka hewa tu, hupotezi tone. Kila kambi, kabla hujawasha jiko, legeza mfuniko, isikie ikipumua, kisha funga tena.

Kuganda ni tabia ya mafuta ya zeituni. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi yanaanza kuweka ukungu, ikizidi yanashikana. Hayajaharibika. Chukua bakuli, tia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye birika la chai, simamisha chupa humo dakika 10, yatarudi. Usitie maji yanayochemka, utaua harufu ya mafuta.

Na mimi huchanganya zeituni nusu, alizeti nusu. Alizeti iwe ile iliyosafishwa ya dukani, ile ya kukamuliwa mtaani nayo huweka ukungu kwenye baridi.

MamaNdimu

Mwanangu, kikombe kwa kikombe? Ndiyo maana mama wa watu alikunja uso. Kawaida ni mafuta sehemu 3, siki sehemu 1. Kwa watu 8 mlo mmoja chukua hivi: mafuta vijiko vya chakula 9, siki 2, maji ya limao 1, haradali ya chupa kijiko cha chai 1, oregano kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, na kitunguu swaumu punje moja tu.

Ukipata siki ya zabibu nyekundu ndiyo yenyewe. Ukikosa, hii nyeupe yetu ni kali na haina ladha nyingine zaidi ya ukali, basi punguza iwe kijiko 1 na limao liwe 2.

Na mpangilio una maana. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, hata ukoroge mpaka kesho. Iyeyushe kwanza kwenye siki na limao. Tia haradali, koroga. Kisha mafuta yaingie kidogo kidogo huku mkono haupumziki. Haradali ndiyo inayoshika mafuta na siki visiachane haraka. Vikiachana baada ya muda usishtuke, tikisa tu. Oregano usiimwage ilivyo, ifikiche kwanza katikati ya viganja, utasikia harufu inavyofunguka.

KahawaUsaRiver

Naheshimu aliyetangulia, ila haradali kwa Wagiriki wa kwao si lazima kabisa. Babu yangu alipikia familia ya Kigiriki kwenye shamba la kahawa upande huu wa Arusha. Wakati ule Wagiriki walikuwa na mashamba mengi ya kahawa na mkonge huku Kaskazini. Alitufundisha hivi: nyanya zikatwe vipande vikubwa, zinyunyiziwe chumvi zikae kidogo zitoe maji yake. Tango, kitunguu, hoho, zeituni. Hakuna majani ya saladi humo. Jibini haikatwi vipande vidogo, inalazwa juu kama kipande kimoja, inanyunyiziwa oregano, kisha mafuta ya zeituni kwa mkono usio na uchoyo. Siki ni matone tu, wengine hawatii kabisa. Yale maji ya nyanya yakikutana na mafuta chini ya bakuli, hiyo ndiyo sosi, na walikuwa wanaichovya kwa mkate mpaka bakuli linakauka.

Kwa mlimani hii ina faida: huna chupa ya sosi ya kubeba. Na alizeti sikubaliani nayo. Ladha ya zeituni ndiyo saladi yenyewe.

MkongweMarangu

Ndugu yangu, mezani Usa River nakubaliana na wewe. Shira alfajiri, vidole vimekufa ganzi na wageni wanataka kuondoka saa mbili, nahitaji mafuta yanayomiminika.

NesiPasua

Kuna jambo mmelipita. Kitunguu swaumu kibichi kukaa ndani ya mafuta siku kadhaa bila friji si salama. Kuna bakteria anayependa mahali pasipo na hewa, na ndani ya mafuta hakuna hewa. Sumu yake inapoozesha misuli, na haibadilishi harufu wala ladha, kwa hiyo kuonja hakutakusaidia. Siki inapunguza hatari, ila kwa chupa inayobebwa siku 7 mimi nisingebahatisha. Beba swaumu nzima, twanga punje moja siku ya kula, kinachobaki kimwagwe. Au tumia ya unga.

Na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Mgeni akiharisha siku ya tatu, safari yake imekwisha.

JikoLaShira

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Nimefanya jaribio nyumbani kwa dada maana ana friji. Chupa mbili ndogo, moja zeituni tupu, nyingine zeituni na alizeti nusu kwa nusu, nimezilaza usiku kucha. Asubuhi, ile ya kwanza naigeuza, haitoki kitu. Ya pili ina ukungu lakini inamiminika. Nimechanganya kwa vipimo vya mama, nikampa dada na mkate, akauliza kama imebaki.

Kwa hiyo nimeamua sitatengeneza sosi mjini tena. Mafuta kwenye chupa yake, siki kwenye yake, malimao mazima, oregano na chumvi na pilipili kwenye kikopo kimoja kikavu, swaumu nzima. Nakoroga palepale dakika chache kabla ya kula. Kaka wa Usa River, siku ya kwanza kambi ya Machame ambako baridi si kali nitaandaa kama ya babu, zeituni tupu na jibini nzima juu. Kuanzia Shira nachanganya.

Swali la mwisho: nyanya zitafika siku ya nne?

MamaNdimu

Chagua zilizoanza tu kuwa nyekundu, ngumu, zenye vikonyo. Usizioshe mpaka siku ya kuzitumia. Zile zilizoiva kula siku ya kwanza na ya pili. Matango yafunge kwenye gazeti, moja moja.

MkongweMarangu

Na kikapu cha chupa usikitupe kwenye mizigo mingine. Mkabidhi mgumu wa jikoni mkononi, mwoneshe upande wa juu ni upi.