Praima kwenye chupa ya kioo: kuna ubaya gani?

Mgeni wa Houston:
Wakuu, habari za leo. Nawinda nguruwe mwitu kwa bunduki ya .308 hapa Texas. Risasi za dukani zimepanda bei, nikanunua mashine ya kujazia risasi nyumbani. Nina katoni ya praima 1,000, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti ndani ya risasi, na trei zake zimejaa meza nzima. Nataka kuzimimina kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Nina mtoto wa miaka minne.

Fundi Mzee:
Mkuu, usimimine hata moja, nakusihi. Zile trei zinatenganisha kila praima na mwenzake makusudi. Ukizirundika chupani, moja ikiwaka zote zinaondoka kwa mkupuo, na kioo kinamrukia aliye karibu.

Toa trei moja tu mezani. Nyingine ziache kwenye kabati la mbao lenye kufuli, mbali na jiko, mbali na baruti. Miwani ya usalama uivae kabla hujagusa chochote, si wakati wa kubana praima kwenye ganda la risasi tu.

Sasa hapa ndipo wageni wengi wanaponitia hofu: praima inakataa kuingia kwenye ganda, mtu anaongeza nguvu. Usiongeze! Kinacholipua praima ni kugongwa na kubanwa, na wewe ndicho unachokifanya. Simama, toa ganda, lichunguze. Kama ni la jeshi, mdomo wa tundu la praima huwa umebanwa kiwandani, na lazima ukwanguliwe kwanza. Ukishamaliza kubana, pitisha kidole kwenye kitako. Praima iwe sawasawa na kitako au ndani kidogo. Ukihisi kinundu, ganda hilo liweke kando, lisitiwe baruti.

Dada wa Minneapolis:
Kaka, na huyo mtoto? Mume wangu alikuwa akifanyia kazi hii jikoni, nikamhamishia gereji. Masizi ya praima zilizotumika yana madini ya risasi, na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Fundi Mzee:
Dada kasema kweli. Oga, badilisha nguo, ndipo umbebe mtoto. Meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Mgeni wa Houston:
Asanteni sana, chupa nimeirudisha kabatini. Ikidondoka moja sakafuni, nivute kwa mashine ya kufyonza vumbi?

Fundi Mzee:
Hapana! Ndani ya mashine inaweza kugongwa ikalipuka. Washa tochi, piga magoti, itafute mpaka uione, uiokote kwa vidole.