Samweli, Yoeli au Musa? Naomba msaada wa maana kwa Kiebrania

babaKijacho: Wakuu habarini. Wife anajifungua mwezi ujao, dume, tumebaki na majina 3: Samweli, Yoeli, Musa. Mama mkwe kang'ang'ania Samweli maana tumekaa miaka 6 bila mtoto, tumelia kama Hana, mama yake Samweli wa kwenye Biblia. Mimi nataka kwanza nijue Kiebrania chenyewe kinasemaje, mtoto akija kuniuliza nisianze kuumauma maneno.

mwl_sundayskuli: Hongera sana mkuu! Samweli ndo tamu zaidi. Hana anasema kamwita hivyo kwa sababu alimwomba kwa Bwana (1 Samweli 1:20), sasa kuomba kwa Kiebrania ni sha'al, na jina linalotoka hapo moja kwa moja ni Sha'ul, yaani Sauli, "aliyeombwa". Shemu'el wengi wanaisoma "jina lake ni Mungu", shem ni jina, El ni Mungu. Alafu nenda mstari wa 28, Hana anamtoa mtoto kwa Bwana na neno analotumia ni sha'ul lile lile, mi huwa nasisimka kila nikifika hapo.

Nyuki77: Yoeli fupi tu, "Yahweh ni Mungu". Ukigeuza vipande unapata Eliya, "Mungu wangu ni Yahweh". Ila jua mzaliwa wa kwanza wa Samweli aliitwa Yoeli na alikula rushwa (1 Samweli 8:2-3).

babaKijacho: Duh, hiyo sikuijua. Na Musa?

mwl_sundayskuli: Binti Farao alisema nimemtoa majini, mashah ni kuvuta kutoa. Lakini Moshe kisarufi ni "anayetoa", sio "aliyetolewa", na yule binti Farao ni Mmisri, kwao mose ni kuzaliwa, ndo hiyo unaiona kwenye jina la Farao Thutmose. Wataalamu wengi wanaona asili ni Misri.

bintiMvita: Mi wa Mombasa, Musa ni zuri kwa familia yenye dini mbili kama yetu, halimtengi mtu. Biblia ya Kiswahili yenyewe imefuata Kiarabu kwenye Musa, Ibrahimu, Yusufu, Daudi, ndo maana bibi yangu na shangazi zangu wa kanisani wanayatamka sawasawa.

babaKijacho: Asanteni jamani. Jana usiku nimemsomea wife ule mstari wa 28 nikamweleza hilo neno, kakaa kimya mudaaa kashika tumbo, kisha kasema mpigie mama umwambie ni Samweli.