Upadre ni wa wanaume tu: Kanisa halitaki au haliwezi?

Wakuu, salaam. Naileta mada hii kwa sababu kila inapozuka huishia kwenye kurushiana maneno. Mmoja anasema mwanamke ni dhaifu, hawezi kuongoza. Mwingine anajibu kwamba ni mfumo dume tu, basi. Wote wawili wanapigana na kivuli, maana hayo siyo yanayosemwa na Roma, yaani uongozi wa Kanisa Katoliki.

Kanuni ya 1024 ya Sheria za Kanisa (1983) ni mstari mmoja: mwanamume aliyebatizwa peke yake ndiye anayeweza kupokea daraja takatifu, yaani kuwekwa kuwa shemasi, padri au askofu. Askofu akimwekea mwanamke mikono, kwa Kanisa hapo hakuna padri hata kidogo, siyo kwamba yupo padri aliyepatikana kwa kukiuka utaratibu. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II akaandika katika barua Ordinatio Sacerdotalis kwamba Kanisa halina mamlaka yoyote ya kuwapa wanawake upadre. Hakusema “hatutaki”. Alisema kama mtu aliyeachiwa nyumba ailinde: mimi si mwenye mali, siwezi kuiuza. Ndiyo maana hili haliko kapu moja na useja, yaani padri kutooa. Useja ni nidhamu; Makanisa ya Mashariki yaliyo na umoja na Papa yana mapadri wenye wake na watoto.

Tuje kwenye hoja. Inayosikika sana ni kwamba Yesu aliteua Mitume kumi na wawili, wote wanaume. Mimi ni Mkatoliki, na hoja hiyo ikisimama peke yake naiona nyepesi. Wale walikuwa pia Wayahudi wote, na Petro alikuwa na mama mkwe. Mbona hatudai padri awe Myahudi aliyeoa? Tukisema hayo mengine ni mazingira ila uanaume ni alama, tuonyeshe tumepimaje. Watetezi hujibu kwamba Yesu hakuwa mtumwa wa desturi: aliongea na mwanamke Msamaria kisimani, na Maria Magdalena ndiye aliyemtuma kuwapasha Mitume habari za ufufuko. Angetaka mwanamke kati ya Kumi na Wawili, nani angemzuia? Jibu zuri, lakini ni msumeno huo, unakata mbele na nyuma. Huyo Magdalena Kanisa lenyewe linamwita mtume wa Mitume.

Hoja yenye uzito ni ya ishara, na wengi hawaigusi. Mtazame padri wakati wa mageuzo, pale katika Misa mkate na divai vinapogeuka kuwa mwili na damu ya Kristo. Ameinama kidogo, hostia iko vidoleni, kanisa zima kimya. Hasemi “huu ndio mwili wake”. Anasema “huu ndio mwili wangu”. Dakika ile hasimulii habari za Kristo, anasema kwa nafsi ya Kristo. Na Kristo ni Bwana arusi, Kanisa ni bibi arusi wake. Tamko la Roma la mwaka 1976, enzi za Papa Paulo VI, liliegemea hapo pamoja na Mapokeo (mafundisho yaliyorithiwa tangu Mitume): sakramenti ni ishara, na ishara ifanane na kinachoashiriwa. Ni kama mkate wa Ekaristi, ambao lazima uwe wa ngano, hata pale ngano isipoota.

Kwangu hoja hii inasimama. Ila kuna sehemu inanikwaruza. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Na katika dharura mwanamke anaweza kubatiza, ubatizo ukawa halali kabisa. Sasa kama Kristo anatenda kupitia mkono wa mkunga anayemmiminia maji mtoto mchanga anayekata roho, kwa nini mkono huo uishie nje ya madhabahu? Nimejibiwa kwamba ubatizo hauhitaji daraja. Kweli, lakini jibu hilo linaturudisha pale pale tulipoanzia.

(Ushemasi nauacha. Paulo anamtaja Fibi wa Kenkrea katika Warumi 16, na Papa Fransisko aliunda tume mbili za kulichunguza suala hilo kwa wanawake, 2016 na 2020. Hiyo ni mada yake.)

Ninachokishuku mimi ni kwamba kelele nyingi hazihusu madhabahu, zinahusu meza ya maamuzi. Tunahubiri kuwa upadre ni utumishi, si cheo, halafu karibu kila uamuzi mzito unamfuata mwenye daraja. Januari 2025 Sista Simona Brambilla aliteuliwa kuwa prefekti (mkuu) wa idara ya Vatican inayosimamia watawa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika idara yoyote. Papo hapo akawekewa kardinali ubavuni, pro-prefekti.

Kwa hiyo nauliza, na msinijibu kwa matusi: kama Kanisa haliwezi kumpa mwanamke daraja, ni kitu gani hasa kinalizuia kumpa kiti bila kardinali wa pembeni?